Sura ya Tano: Vitabu Vilivyozaliwa Darasani

Katika daraja ambazo wanazuoni wamejizoesha kuvipanga vitabu, kitabu cha kiada cha chuo kikuu aghalabu huwekwa chini: juu huketi utafiti mpya uliofichua jambo lisilojulikana jana, baada yake hufuata tasnifu na makala za majarida, na mwisho kabisa, pamoja na kamusi na ratiba za mitihani, huachwa kile kitabu kinene ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukibeba kwapani, na ambacho kwa dhana ya wengi hakina jipya, maadamu kazi yake ni kukusanya yaliyokwisha kusemwa na watu wengine. Dhana hiyo naiona kuwa ni dhuluma. Katika sura hii nakusudia kuonyesha, kwa mifano ya kemia, tiba, uchumi, sheria na lugha, kwamba vitabu vya kiada vilivyo bora vilitokana na haja ya mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi wake, akatazama rafuni, asione kitabu kinachowafaa watu wale, kwa lugha yao na kwa wakati wao. Na kwamba haja hiyo, ambayo huku kwetu Afrika Mashariki tumejaaliwa kuwa nayo tele, ni mtaji wa elimu ambao hatujautumia ila kwa nadra.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni wa Dmitri Mendeleev. Mwaka 1867 alipewa uprofesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, na papo hapo akakabiliwa na shida ambayo mhadhiri yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura ataitambua: wanafunzi walikuwa wengi, lugha ya kuwafundishia ilikuwa Kirusi, na vitabu vilivyostahiki kusomwa aghalabu vilikuwa vya Kijerumani na Kifaransa, ilhali vya Kirusi vilivyokuwapo havikumridhisha. Akaamua kuandika chake mwenyewe, Misingi ya Kemia, na kama ilivyo ada ya walimu wenye mengi ya kusema akapitiliza kipimo, kwa kuwa juzuu ya kwanza ilijaa baada ya kuzieleza kwa ukamilifu elementi nane tu, hali zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63, zikabaki 55 za kuingizwa katika juzuu ya pili. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mtafiti wa maabara angeweza kuishi umri wake wote bila kujiuliza, lakini mwandishi wa kitabu cha kufundishia hana njia ya kulikwepa: baada ya sura hii ifuate sura gani, na kwa sababu gani? Alikuwa amekwisha kuzieleza halojeni, yaani klorini na wenzake; akaona metali za alkali, yaani sodiamu na potasiamu na jamaa zao, ndizo zifuate; akalinganisha uzito wa atomi za kundi moja na uzito wa atomi za kundi la pili; na katika kulinganisha huko, tarehe 17 Februari 1869 kwa kalenda ya zamani ya Warusi, ambayo kwetu ni tarehe 1 Machi, akaandika jedwali lililozipanga elementi zote kwa uzito na kwa tabia, likiwa na nafasi tupu pale ambapo mpango wake ulidai kuwepo kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiona.

Nafasi hizo zikajazwa moja baada ya moja. Galiamu ilipatikana Ufaransa mwaka 1875, skandiamu ikapatikana Uswidi mwaka 1879, na jemaniamu Ujerumani mwaka 1886, kila moja ikiwa na sifa zilizokaribiana mno na zile ambazo mwalimu yule wa St. Petersburg alikuwa amezitabiri akiwa mezani kwake. Nimelieleza jambo hili kwa kituo kwa sababu lile jedwali ambalo leo limetundikwa katika maabara ya kila shule ya sekondari, kuanzia Tanga hadi Kigoma, lilitafutwa kwanza kama mpangilio wa sura za kitabu cha wanafunzi, na baadaye ndipo likatambulikana kuwa ni kanuni ya maumbile. Na Mendeleev mwenyewe hakukiona kitabu kile kuwa ni daraja aliyoipanda akaiacha, bali aliendelea kukisahihisha na kukitolea matoleo mapya, manane kwa jumla, mpaka mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake mwaka 1907.

Sisi watu tuliolelewa jirani na darsa za misikitini hatukupaswa kushangazwa na habari hiyo, kwani katika taalimu ya Kiislamu kitabu cha kufundishia hakikuwa kamwe kitu cha kuonewa haya. Ibn Sina, alipokamilisha al-Qanun fi al-Tibb takriban mwaka 1025, alikigawa katika vitabu vitano kwa utaratibu ambao mwanafunzi angeweza kuushika: kanuni za jumla kwanza, kisha dawa zisizochanganywa, kisha maradhi ya kila kiungo kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha maradhi yanayoenea mwili mzima kama vile homa, na mwisho dawa za kuchanganywa, na juu ya hayo akatunga urjuza, yaani utenzi wa tiba, ili yale ya msingi yahifadhiwe kwa moyo na mwanafunzi asiye na fedha za kununua juzuu zote. Karne ya 12 Gerard wa Cremona akaifasiri al-Qanun kwa Kilatini katika mji wa Toledo, nayo ikasomeshwa katika vyuo vya tiba vya Ulaya mpaka karne ya 17. Kadhalika kitabu cha jiometri cha Euclid, kilichoandikwa kwa Kiyunani, kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar huko Baghdad, kikafasiriwa tena na Ishaq ibn Hunayn na kusahihishwa na Thabit ibn Qurra, na ni kutoka Kiarabu, kwa mkono wa Adelard wa Bath, kilipoingia katika Kilatini mwanzoni mwa karne ya 12.

Mfumo wenyewe wa elimu hiyo ulikuwa mfumo wa vitabu vya kiada. Palikuwa na matini fupi, palikuwa na sharhe ya kuifafanua, na pembezoni mwa sharhe pakawa na hashia, kila tabaka likiwa ni kumbukumbu ya maswali yaliyoulizwa na wanafunzi wa zama fulani na majibu waliyopewa. Mwanafunzi wa Lamu au Unguja aliyeanza nahau kwa al-Ajurrumiyya, akapanda hadi Alfiyya ya Ibn Malik yenye beti takriban elfu moja, na katika fiqhi ya Shafii akaufikia Minhaj wa Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, alikuwa akipita katika silsila ya madarasa ya karne nyingi. Na sheikh aliyemsomesha, akiandika sharhe yake mwenyewe, hakuhesabiwa kuwa mtu aliyeshindwa kubuni jambo jipya. Alihesabiwa kuwa amefika.

Katika tiba ya zama za karibuni hakuna kitabu cha chuo kilichopata jina kama kile cha anatomia kilichotoka London mwaka 1858, nacho kwa sababu ya mazoea huitwa kwa jina la Henry Gray peke yake. Gray, aliyekuwa na umri wa miaka 31, aliandika maneno. Michoro, ambayo ndiyo iliyokifanya kitabu kipendwe, ilikuwa ya Henry Vandyke Carter, kijana wa miaka 27, naye ni daktari. Wote wawili walipasua maiti kwa mikono yao, na maiti hizo, haifai kulificha jambo hili, zilikuwa za mafukara waliofia katika nyumba za maskini na hospitali bila jamaa wa kuwadai, kwa ruhusa ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1832. Ubora wa michoro ya Carter ulikuwa katika jambo moja jepesi kuelezwa na gumu kutendwa: badala ya kuweka herufi na namba kwenye kila mshipa na mfupa, halafu kumlazimisha mwanafunzi ahamishe macho mara kwa mara kwenda kwenye orodha ya chini, aliandika jina la kiungo juu ya kiungo chenyewe, likifuata mkondo wake, hata jicho likasoma na kuona kwa pamoja. Hilo ni wazo la mtu aliyekaa na wanafunzi na kujua wanapopotea. Gray alikufa kwa ndui mwaka 1861, akiwa na miaka 34, baada ya kumuuguza mpwa wake. Carter alilipwa malipo ya mara moja tu kwa kazi ile, akaenda Bombay, akafundisha katika Grant Medical College, akatumia takriban miaka 30 kuchunguza ukoma na homa za India. Na jina lake likafifia, ilhali macho ya vizazi vya madaktari, wakiwemo wetu wa Makerere na Muhimbili, yalifunzwa kuuona mwili kwa namna aliyoiona yeye.

Na nimtaje kwa ufupi Arthur Guyton wa Mississippi, ambaye mwaka 1946, akijiandaa kuwa daktari wa upasuaji, alipatwa na ugonjwa wa polio uliomlemaza mguu na bega, njia ya upasuaji ikafungika, akarudi nyumbani kufundisha fiziolojia, na kutokana na mihadhara yake akatoa mwaka 1956 kitabu ambacho kwa matoleo manane alikiandika peke yake kuanzia jalada hadi jalada. Wanafunzi wa udaktari wa hapa kwetu huwa hawasemi kwamba wanasoma fiziolojia. Husema wanasoma Guyton.

Uchumi ni mlango mwingine, na huko tunaona kwamba kitabu cha kiada kinaweza pia kuwa uwanja wa vita. Baada ya vita kuu ya pili vyuo vya Marekani vilijaa askari waliorudi, na katika chuo cha MIT, ambako wanafunzi wa uhandisi walilazimishwa kusoma uchumi na wakauchukia, mkuu wa idara alimwomba Paul Samuelson aandike kitabu ambacho vijana wale wangekipenda. Kikatoka mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla yake Lorie Tarshis, aliyekuwa mwanafunzi wa Keynes, alikuwa ametoa kitabu cha kiada chenye mafunzo ya mwalimu wake huyo, kikashambuliwa na watu waliodai kuwa ni cha kikomunisti, barua zikapelekwa kwa wadhamini wa vyuo, na mauzo yake yakaporomoka. Samuelson, aliyeyaona hayo, aliandika kwa hadhari zaidi, na ijapokuwa naye hakunusurika na mashambulizi, kitabu chake kilisimama, kikauzwa kwa mamilioni na kufasiriwa kwa lugha zaidi ya 40, hata ikawa kwa miongo kadhaa mawaziri wa fedha wa mataifa yasiyopatana kwa lolote walikuwa wamejifunza mahitaji na ugavi kutoka kurasa zile zile.

Ukubwa wa namna hiyo una hatari yake. Toleo la mwaka 1961 lilikuwa na mchoro uliokadiria kwamba pato la Urusi ya Kisovieti huenda likalifikia na kulipita lile la Marekani kati ya mwaka 1984 na 1997; matoleo yaliyofuata yakaendelea kuusogeza mbele wakati huo, na toleo la mwaka 1980 likautaja kuwa kati ya 2002 na 2012. Simlaumu mtu kwa kukosea utabiri. Ninalotaka lionekane ni kwamba kosa la makala ya jarida husomwa na wataalamu mia moja, ambao miongoni mwao wamo watakaolikosoa mwaka huo huo, ilhali kosa la kitabu cha kiada husafiri kwa meli, hutahiniwa, huandikwa kwenye karatasi za majibu na kupewa alama, na hatimaye huingia katika vichwa vya watu watakaopanga bajeti. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha kiada hubeba dhamana nzito kuliko mwandishi wa makala, na jamii inayoagiza vitabu vyote kutoka ng'ambo huagiza pamoja navyo makosa ya ng'ambo, bila ya ule mjadala ambao huko yalikotoka ungeyarekebisha.

Tuje sasa kwetu. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kilipofungua milango yake Oktoba 1961 chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Vijana wale walipofika kwenye somo la ushahidi na somo la mwenendo wa mashauri ya madai, hawakusoma vitabu vya London. Walisoma vya India, Sarkar juu ya ushahidi na Mulla juu ya mwenendo wa madai, na sababu yake ni historia ya dola: Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliifanyia kazi Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 na ile ya mwenendo wa madai ya mwaka 1908, nazo zikadumu mpaka zilipobadilishwa na sheria zetu za mwaka 1967 na 1966, ambazo nazo zilijengwa juu ya mfano huo huo wa Kihindi. Ndiyo maana hata leo wakili wa Mwanza anaponukuu Sarkar mbele ya jaji, hakuna anayeshangaa. Vitabu vile vilifaa kwa sababu sheria yenyewe ilitoka huko.

Lakini ardhi je? Mila za ardhi za Wahaya, Wachaga, Wasukuma na Wanyakyusa hazikuandikwa Calcutta wala London, na mwanasheria asiyezijua angekuwa mgeni katika mahakama ya nchi yake, ambako mgogoro wa kihamba au wa shamba la urithi huja mezani mapema kuliko mgogoro wa hisa za kampuni. Hapakuwa na pa kuagiza. Walimu wawili wa Dar es Salaam, R. W. James na G. M. Fimbo, wakakusanya hukumu na mila hizo, na mwaka 1973 East African Literature Bureau ikawatolea kitabu kinene cha sheria za kimila za ardhi za Tanzania. Uhaba wa kitabu uliwalazimisha kufanya kazi ambayo wingi wa vitabu usingewaachia nafasi ya kuifanya, na kazi hiyo ilikuwa ya utafiti kwa kila maana ya neno hilo, ijapokuwa ilikusudiwa wanafunzi.

Makerere ilikuwa imetangulia katika tiba. Mwaka 1966 Maurice King, kwa kushirikiana na madaktari waliokutana huko Kampala, alihariri kitabu juu ya huduma za tiba katika nchi zinazoendelea, kikachapwa na Oxford University Press, Nairobi; na ndani yake mlikuwa na mambo ambayo vitabu vya Edinburgh na London havikuwa na haja ya kuyafikiria: namna ya kugawa fedha kidogo kwa wagonjwa wengi, namna ya kumfunza msaidizi wa tabibu kazi ambazo Ulaya hufanywa na daktari, namna mahudhurio ya hospitali yanavyopungua kadiri kijiji kinavyozidi kuwa mbali, na namna ya kufuata ukuaji wa mtoto kwa kumpima uzito na kuandika nukta juu ya kadi. Kitabu hicho, kilichotungwa kwa ajili ya Afrika Mashariki, kikasomwa katika mabara mengine, kwa sababu umaskini una tiba yake na hapakuwa na mtu aliyewahi kuiandika kwa utaratibu namna ile. Miaka sita baadaye, mwaka 1972, Walter Rodney, aliyekuwa mwalimu wa historia Dar es Salaam, akatoa kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, kikichapwa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House. Na anayekisoma kwa makini atasikia ndani yake sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali na vijana wa Mlimani.

Ushahidi ulio na nguvu kuliko yote, kwa rai yangu, ni wa Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Idara nyingine zote ziliweza kuandika barua kwa wachapishaji wa ng'ambo na kuletewa masanduku. Hii haikuweza, kwa kuwa ilifundisha kwa Kiswahili masomo ambayo kwa Kiswahili hayakuwa yameandikwa. Basi walimu wake na wenzao wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili wakaandika. Wakatoa kamusi, wakatoa vitabu vya fonolojia, na mwaka 1999 Massamba, Kihore na Hokororo wakatoa Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, ambayo wanafunzi huiita SAMIKISA kana kwamba ni jina la mtu wanayemfahamu. Na upande wa Kenya K. W. Wamitila akatoa vitabu vya nadharia na uhakiki wa fasihi vinavyosomwa pande zote mbili za mpaka. Somo ambalo lilionekana kuwa fukara kuliko yote kwa vitabu ndilo leo lenye rafu yake lenyewe, iliyoandikwa na watu wake lenyewe, ilhali masomo yaliyoanza yakiwa tajiri kwa vitabu vya kuagiza yangali yanaagiza.

Uagizaji huo umepitia zama mbalimbali. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Uingereza iligharimia mpango uliojulikana kwa herufi ELBS, ambao kwao vitabu vile vile vya tiba, uhandisi na sayansi vilivyosomwa Uingereza vilichapwa kwa bei nafuu kwa wanafunzi wa nchi zilizoendelea kidogo, na madaktari wetu wengi wenye mvi walijifunza kutoka kwa Davidson, na kutoka kwa Bailey na Love, katika majalada yenye herufi hizo. Moscow nayo, kupitia kampuni ya Mir, iliuza kwa bei ya chini vitabu vya hisabati na fizikia ambavyo ubora wake haukuwahi kutiliwa shaka. Mpango wa ELBS ulisitishwa mwaka 1997, dola ya Kisovieti ilikuwa imekwisha kuanguka, na mwanafunzi wa Afrika akaachwa uso kwa uso na bei ya soko la dunia, katika wakati ambapo bei hiyo huko Marekani kwenyewe ilikuwa ikipanda upesi kuliko gharama nyingine za maisha, kwa sababu profesa ndiye achaguaye kitabu na mwanafunzi ndiye alipaye, na kwa sababu matoleo mapya hutolewa kila baada ya miaka michache, mazoezi yakibadilishwa namba, ili nakala iliyokwisha kutumika isimfae mwanafunzi anayefuata.

Kesi mbili za karne hii zinaonyesha mvutano huo ulivyo. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyesoma Marekani, aligundua kwamba vitabu vya kampuni ya Wiley vilivyochapwa kwa ajili ya Asia viliuzwa kwao kwa bei ndogo mno kuliko Marekani, akawaomba jamaa na marafiki wavinunue na kumpelekea, akaviuza. Wiley wakamshitaki, baraza la wazee wa mahakama likamtoza dola 600,000, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikaamua kwamba mtu aliyenunua kitabu kwa halali popote duniani anaweza kukiuza tena. Ya pili ni ya Delhi. Mwaka 2012 wachapishaji wa Oxford, wa Cambridge na Taylor & Francis walikishitaki kibanda cha kudurufu kilichokuwa ndani ya chuo kikuu, ambacho kiliwatengenezea wanafunzi mafungu ya kurasa kutoka vitabu mbalimbali kwa mujibu wa mitalaa; mwaka 2016 mahakama ikaamua kwamba kunakili kwa ajili ya kufundishia kunaruhusiwa na sheria ya India, na kwamba hakimiliki si haki iliyoshuka kutoka mbinguni, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao. Kwa moyo wangu wote nafurahi kwamba ilikwisha hivyo, ijapokuwa najua kwamba mwandishi naye anakula.

Tangu mwaka 2012 pamekuwa na njia ya tatu. Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kupitia mradi wake wa OpenStax, kimekuwa kikitoa vitabu vya fizikia, biolojia, takwimu, sosholojia na masomo mengine bure kwenye intaneti, vimeandikwa na kuhaririwa na wataalamu, na vingi vyavyo vina leseni inayomruhusu mtu yeyote kuvibadilisha na kuvitoa upya mradi amtaje mwandishi wa asili. Neema hiyo ni kubwa, na mwanafunzi mwenye simu huko Iringa anaweza kuipata leo jioni. Hata hivyo mifano iliyomo ni ya nchi vilikoandikwa: kodi ni za Marekani, misitu ni ya Marekani, na mwanafunzi wa takwimu hufundishwa wastani kwa alama za michezo ambayo hajawahi kuiona ikichezwa. Leseni inamruhusu mwalimu wa Sokoine pale Morogoro kuitoa mifano hiyo na kuweka mavuno ya mahindi ya Kilosa au uzito wa sangara wa Ziwa Viktoria. Haimpi muda wa kufanya hivyo, wala mshahara, wala cheo, kwa kuwa katika vyuo vyetu makala ya kurasa kumi katika jarida la ng'ambo humpandisha mhadhiri upesi kuliko kitabu kitakachosomwa na wanafunzi elfu.

Nayo mashirika yaliyowatolea vitabu walimu wa kizazi cha kwanza hayapo tena katika hali ile. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Tanzania Publishing House, iliyokuwa na fahari ya kumchapa Rodney, ilidhoofika, na aliyekuwa mkurugenzi wake, Walter Bgoya, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, ambayo mwaka 2004 ilitoa kitabu cha katiba na mfumo wa sheria wa Tanzania cha Shivji, Majamba, Makaramba na Peter. Kazi njema, lakini kampuni moja haiwezi kuvihudumia vyuo vya nchi nzima.

Hivi leo ukikiendea kibanda cha kudurufu kilicho jirani na chuo chochote cha Tanzania, hasa siku zile ambazo bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limeingia, utakuta juu ya meza yale ambayo wanafunzi huyaita madesa: karatasi za mihadhara zilizobanwa kwa pini, zenye jina la somo na namba yake, zikinunuliwa kwa shilingi chache na kusomwa hadi zichanike. Watu wa makamo huyadharau madesa, wakisema yamewafanya vijana waache kusoma vitabu. Mimi nayatazama kwa jicho jingine, kwa kuwa baadhi yake ni kazi ya mhadhiri aliyefundisha somo lile lile kwa miaka mingi, akaondoa mfano usioeleweka, akaongeza ule uliowafanya vijana waitikie, akabadilisha mpangilio wa sura baada ya kuona ni wapi mtihani unawaangusha; na kufanya hivyo ndiko kulikowafanya Mendeleev na Guyton wawe waandishi. Kinachopungua kinaweza kutajwa bila ya tabu. Panahitajika mhariri wa kuilinganisha lugha ya sura ya pili na ya tisa, mchoraji aliye na subira ya Carter, faharasa, mazoezi yenye majibu yaliyohakikiwa, na mwalimu wa chuo kingine wa kuisoma kazi nzima kwa ukali kabla haijachapwa. Mhadhiri wa takwimu wa Dodoma, mwenzake wa Mombasa na mwenzao wa Makerere wanafundisha mtalaa unaokaribiana sana, kila mmoja kwa madesa yake. Wakigawana sura kumi na mbili, kila mmoja atabaki na nne za kuandika na nane za kuwasahihishia wenziwe, na idara zao zikikubali kuihesabu kazi hiyo katika kupandishwa cheo, kitabu kinaweza kuwa mikononi mwa wanafunzi katika muda ambao mwanafunzi mmoja hutumia kuhitimu shahada ya kwanza.